Alexander Mackay, Mzungu wa Kazi

Siku za Yubile ni desturi yetu kuhesabu miaka, na makanisa yaliyojengwa, na watu waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema, lakini hazitoshi. Yatupasa kukumbuka pia mikono iliyofanya kazi kabla yetu, maana mengi tunayoyatumia leo yalianzia mikononi mwa watu tusiowaona kwa macho. Kwa hiyo katika ukurasa huu twaandika maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana sana katika nchi zinazolizunguka ziwa letu, ingawa wengi walijuao jina hawazijui habari zenyewe.

Mtu wa Susuni, au wa mahali pengine po pote katika wilaya za Tarime na Serengeti, akisafiri kuelekea machweo ya jua hufika katika Ziwa la Viktoria Nyanza. Ziwa hili ndilo lililokuwa njia yake yule tunayemkumbuka. Alilivuka mara nyingi kwa mashua alizozitengeneza kwa mikono yake; alifanya kazi kaskazini yake, katika nchi ya Buganda; na mwisho alikufa kusini yake, mahali paitwapo Usambiro. Aliitwa Alexander Murdoch Mackay. Waafrika walimpa jina la Mzungu wa Kazi, wala halikuwa jina la dhihaka.

Ujana wake

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1849, katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, mtu mwenye elimu, naye alimfundisha mtoto wake nyumbani hata alipopata miaka 14. Pamoja na masomo ya vitabu alimwonyesha ramani za Afrika, akimfuatishia kwa kidole safari za Livingstone. Lakini mtoto huyu alipenda pia masomo yasiyomo vitabuni. Alisimama mlangoni mwa mhunzi akitazama chuma kinavyofuliwa. Aliketi kwa seremala akitazama mbao zinavyopigwa randa. Na alitembea maili nyingi mpaka kituo cha reli, ili tu aione garimoshi ikisimama dakika chache na kuondoka.

Mwaka wa 1867 aliingia katika chuo cha walimu mjini Edinburgh. Kwa hiyo, kabla hajawa fundi, alikuwa amesomea ualimu, nasi twaomba walimu wasomao habari hizi walikumbuke jambo hilo. Baada ya hapo akajifunza ufundi wa mitambo, na mwaka wa 1873 akaenda Berlin, katika nchi ya Ujerumani, akafanya kazi ya kuchora mitambo katika kiwanda. Alikuwa na mshahara mwema, na mbele yake palikuwa na cheo.

Ndipo tarehe 15 Novemba, 1875, gazeti moja la London likapiga chapa barua ya msafiri Stanley, iliyoandikwa katika mji wa Mutesa, Kabaka wa Buganda. Stanley aliwasihi watu wa Uingereza wapeleke walimu kwa Mutesa, lakini aliongeza sharti. Alisema ya kwamba mhubiri mtupu hafai huko. Atakiwa mtu awezaye kuhubiri, na kujenga nyumba, na kulima, na kutibu wagonjwa, na kushika kazi yo yote kama baharia. Mackay alipozipata habari hizo akaona ya kwamba mtu anayetafutwa ni mtu wa namna yake. Akawaandikia wakuu wa Church Missionary Society, nao wakampokea.

Waliondoka Uingereza mwezi wa Aprili, 1876, watu wanane. Kabla ya kuondoka, Mackay, aliyekuwa kijana kuliko wote, aliwaambia wakuu neno ambalo halikuwa la kupendeza. Aliwaonya ya kwamba si ajabu, kabla ya miezi sita kwisha, wasikie mmoja wao amekufa. Akawaomba siku hiyo wasivunjike moyo, bali wampeleke mwingine mara moja kushika mahali pake. Ikawa kama alivyosema. Mmoja alikufa Unguja kabla hata ya safari ya bara, na kabla ya miaka miwili kutimia wanne katika wale wanane walikuwa wamekwisha kufa.

Barabara na mashua

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ni njia. Wakati ule mizigo yote ya bara ilichukuliwa vichwani mwa wapagazi, na wengi walikufa njiani. Mackay alitaka magari yakokotwe na ng'ombe. Basi mwaka wa 1877 akaongoza kazi ya kufyeka njia kutoka Saadani pwani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230, kwa shoka na sululu na misumeno, pamoja na vibarua wa nchi, naye mwenyewe akishika shoka kama wao. Njia ilikwisha, lakini ng'ombe walikufa njiani kwa ugonjwa wa mbung'o. Kazi kubwa namna ile ikaleta faida ndogo. Hakuitupa kazi kwa sababu hiyo.

Mwezi wa Desemba, 1877, wenzake wawili, Luteni Smith na Bwana O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe pamoja na watu wao, kwa sababu ya ugomvi kati ya mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro juu ya mashua. Mackay alipofika Kagei, upande wa kusini wa ziwa, mwezi wa Juni, 1878, watu wote walidhani atatafuta kisasi. Yeye akavuka ziwa kwenda Ukerewe bila jeshi, akaonana na Lukonge uso kwa uso, akafanya naye suluhu, akarudi salama. Watu wa Kagei, waliokuwa wamemsihi asiende, walistaajabu kumwona tena.

Huko Kagei alikuta mali ya misioni imerundikwa katika kibanda: vyuma vya mtambo wa mvuke, mtambo wa kupigia chapa, dawa, vitabu, zana za ufundi, vyote vimechanganyika na vingi vimeliwa na kutu na mchwa. Akaketi kati ya chungu ile, akachagua kipande baada ya kipande, akasugua, akaunganisha, mpaka mitambo ikasimama. Mashua yao iliyoitwa Daisy ilikuwa imetoboka. Akaitengeneza, wakasafiri yeye na mwenzake Wilson, dhoruba ikawatupa ufukoni ikaivunja tena. Wakakaa huko wiki nane. Mackay akaikata sehemu ya katikati, akatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, akaunganisha vipande, ikawa mashua fupi kuliko ya kwanza lakini yenye kuelea. Kwa mashua hiyo wakafika Buganda mwezi wa Novemba, 1878.

Fundi wa mjini kwa Kabaka

Mutesa alimpokea kwa heshima. Mazungumzo yao ya kwanza yalikuwa kwa Kiswahili, maana Kabaka alikijua, na Mackay aliwasomea wakuu wa baraza vitabu vya Kiswahili vilivyotafsiriwa na Askofu Steere wa Unguja. Hivyo lugha yetu hii ilikuwa daraja kabla Kiganda hakijaandikwa vitabu.

Mackay akajenga kiwanda cha kazi, akaweka fuawe, na mivukuto, na kerezo, na cherehe. Watu wakaja makundi makundi kutazama. Vijana walistaajabia jinsi jiwe la cherehe linavyozunguka, wakachungulia nyuma yake kutafuta kinachoizungusha. Katika nchi ile mkubwa hakushika jembe wala nyundo; kazi ya mikono ilikuwa ya wanawake na watumwa. Hapa walimwona mtu aliyesoma, akaribishwaye mbele ya Kabaka, ana masizi mpaka viwikoni, tena haoni haya. Aliwaundia gari la kukokotwa na ng'ombe, aliwatengenezea vyombo vilivyovunjika, aliwapa zana, na kila aliyetaka kujua alimwonyesha namna ya kufanya.

Tena alichimba kisima, jambo ambalo watu hawakulizoea katika mahali pale pa juu, akatia bomba. Maji yalipopanda kutoka chini ya ardhi yakamwagika, watu walipiga kelele wakisema ya kwamba Mackay ni lubaale, yaani pepo wa kuabudiwa. Mtu mwingine angaliweza kunyamaza na kuufurahia utukufu ule. Yeye akawakatalia pale pale. Akawaambia ya kwamba yeye ni mtu kama wao, na ya kwamba bomba si uchawi, bali lafanya kazi kama mkonga wa tembo uvutao maji. Akawaeleza jinsi linavyovuta. Ndiyo ilikuwa desturi yake: hakutoa kitu akaificha maarifa yake. Alipotoa chombo, alitaka na siri ya chombo itoke pamoja nacho.

Mara nyingine Kabaka alipozungumza habari za biashara ya watumwa, Mackay alimletea picha za mwili wa mwanadamu, akamwonyesha mifupa, na mishipa, na moyo upigao usiku na mchana. Akamweleza ya kwamba fundi hodari kuliko wote duniani hawezi kuunda chombo kama hicho. Kisha akauliza imekuwaje basi kiumbe namna hiyo, chenye roho ndani yake, kiuzwe kwa kipande cha nguo kinachofumwa na mtu mmoja kwa siku moja. Neno lile lilikuwa na nguvu kwa sababu lilitoka kwa mtu ajuaye bei ya kazi ya mikono.

Wala tusimfanye kuwa mtu asiye na kasoro. Alikuwa mwepesi wa kubishana. Mapadre Wafransa walipofika mwaka wa 1879, yeye na Padre Lourdel walishindana kwa maneno ya dini mbele ya baraza, hata Mutesa akashangaa kuona Wazungu nao hawapatani katika habari za Mungu. Mabishano yale yaliacha alama mbaya katika nchi, nayo yalichukua miaka mingi kupona.

Jeneza la Namasole

Mwaka wa 1882 akafa mama yake Mutesa, mwenye cheo cha Namasole. Kabaka alitaka mama yake azikwe kwa heshima isiyopata kuonekana, akamwomba Mackay amfanyie jeneza. Mackay akakubali, akaenda na zana zake. Hakuwekewa jeneza moja bali matatu, moja ndani ya jingine: la ndani la mbao, la katikati la shaba, na la nje la mbao tena, kubwa mno. Kabaka akatoa sinia na vyombo vyake vya shaba, vikafuliwa kuwa bamba. Wahunzi wa Kabaka wakawekwa chini yake, na kazi ikaendelea kama mwezi mzima, mara nyingine usiku kucha, huku mikono ikikatwa na bamba za shaba na kelele za nyundo zisikome.

Kazi ilipokwisha, kila mtu aliisifu. Lilikuwa ni jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuyafanya mbele ya watu wa nchi. Likachukuliwa kwa maandamano, likashushwa katika shimo pana lililotandikwa nguo za magome na nguo za kizungu zisizo na hesabu, na udongo ukarudishwa juu yake. Kazi ya mwezi mmoja na mali ya ufalme zikafunikwa siku moja, wala hakuna aliyeziona tena.

Twalitaja jambo hili si kwa kulidharau. Kumsaidia mtu kumzika mama yake ni tendo la rafiki, na Mackay hakulifanya kwa kutaka mshahara. Lakini yafaa tulilinganishe na kazi nyingine aliyokuwa akiifanya miaka ile ile, pembeni, bila maandamano, ambayo wakubwa wa baraza hawakuihesabu kuwa kitu.

Herufi za mti

Vijana wengi wa nyumba ya Kabaka walitaka kusoma. Vitabu vya Kiganda havikuwapo, na herufi zilizotoka Ulaya hazikutosha. Kwanza Mackay aliwaandikia kwa mkono karatasi zenye silabi na maneno machache, lakini kila karatasi aliyomaliza ilingojewa na watu kumi. Basi akatwaa vipande vya mti na kisu, akachonga herufi moja moja, kubwa na wazi, ili ziweze kuonekana na mtu aanzaye. Kila herufi ilimpasa kuichonga kinyume, kama ionekanavyo katika kioo, ili ikipigwa chapa isomeke sawasawa. Akazipanga, akazipaka wino, akapiga chapa karatasi za kusomea. Baadaye akajitengenezea herufi nyingine ndogo za risasi.

Karatasi hizo ndizo zawadi yake iliyokwenda mbali kuliko zote. Kijana aliyeipata hakuiweka sandukuni. Aliisoma mpaka akaijua, kisha akamfundisha mwenzake, naye mwenzake mwingine, hata katika majumba ambayo mguu wa Mackay haukukanyaga. Wakristo wa Buganda wakaitwa wasomaji, kwa kuwa kusoma ndiko kulikowatambulisha. Mmoja wao, aitwaye Sembera, aliandika barua ya kuomba ubatizo kwa unyasi uliochongwa ncha, na wino aliojitengenezea mwenyewe. Hakuna aliyempa kalamu. Mackay alimpa herufi, naye akajitafutia kalamu na wino. Tarehe 18 Machi, 1882, watu watano wa kwanza wa misioni hiyo walibatizwa, na Sembera alikuwa mmoja wao, akachagua jina la Mackay kuwa jina lake la ubatizo.

Siku za mateso

Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba, 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Tarehe 31 Januari, 1885, vijana watatu wa misioni, Makko Kakumba, na Nuwa Serwanga, na Yusufu Rugarama, waliuawa kwa moto. Makko na Nuwa na Yusufu walikuwa watoto waliokuwa wakiingia na kutoka nyumbani mwa Mackay. Yeye mwenyewe alikuwa amekamatwa pamoja na watoto njiani kwenda ziwani, akasihi waachiwe, asisikilizwe. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Askofu Hannington akauawa katika Busoga. Na tarehe 3 Juni, 1886, wasomaji wengi, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa pamoja Namugongo. Wale ambao walimu wao walibishana barazani walikufa bega kwa bega. Kanisa Katoliki liliwatangaza 22 katika wafia dini wa miaka ile kuwa watakatifu mwaka wa 1964, na Waanglikana huwakumbuka wenzao 23.

Hapa ndipo palipokuwa na jaribu kubwa kwa Mackay. Mtu atoaye chungu au jembe halali na mashaka ya kwamba zawadi yake itamwua aliyepewa. Yeye alitoa herufi, na sasa kujulikana kuwa msomaji kulikuwa ni hatari ya maisha. Angaliweza kuufunga mtambo na kuzizika herufi mpaka hatari ipite, wala hakuna mtu angalimlaumu. Lakini wasomaji wenyewe hawakutaka. Walikuja usiku, wakijificha, wakiomba karatasi na kufundishwa. Basi yeye na mwenzake Ashe wakaendelea kupanga herufi na kupiga chapa. Wakapiga chapa barua ya kuwafariji walioteswa, nayo ikapitishwa kwa siri mkono kwa mkono. Na Injili ya Mathayo kwa Kiganda ikaendelea kidogo kidogo, ukurasa baada ya ukurasa, ikisahihishwa pamoja na Waganda wenyewe.

Ashe aliondoka mwaka wa 1886, na Mackay akabaki peke yake kama miezi kumi na mmoja. Mchana Mwanga alimtuma kazi za ufundi, maana hata aliyewachukia wasomaji aliitaka mikono ya fundi. Usiku aliwapokea walioogopa. Mwezi wa Julai, 1887, ilimlazimu kuondoka. Akaifunga nyumba, akavuka ziwa kwenda kusini.

Usambiro

Huko Usambiro akaanza tena kama mtu asiyewahi kujenga. Akafyatua matofali, akajenga nyumba na kiwanda, akausimamisha mtambo wa chapa, akatafsiri, akafundisha vijana. Mwezi wa Machi, 1888, Askofu Parker alifariki mahali hapo, akazikwa hapo. Mwisho wa mwaka ule Wakristo walifukuzwa Buganda, na walimu waliokimbia wakapata kwake chakula na mahali pa kulala. Mashua yao, iliyoitwa Eleanor, ilitobolewa na kiboko njiani na watu wakapotea majini. Kwa hiyo Mackay akaanza kukata mbao za mashua mpya, ili njia ya ziwa isikatike.

Mwisho wa Agosti, 1889, akafika Stanley, yule yule ambaye barua yake ilimwita Afrika, akitoka safari ndefu ya kumwokoa Emin Pasha, na msafara wake umechoka na kukonda. Walipumzika Usambiro karibu wiki tatu, wakalishwa na kutengenezewa mahitaji yao. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1890 Stanley alimsifu Mackay kwa maneno makubwa, akistaajabia mtu aliyekaa miaka mingi namna ile bila kurudi kwao hata mara moja, na bila kulalamika.

Wakuu wake wa London walimwandikia arudi apumzike. Mwanzo wa Januari, 1890, aliwajibu ya kwamba haiwezekani, kwa kuwa hakuna wa kushika kazi. Wampelekee kwanza watu ishirini, ndipo labda angeshawishika kuja kuwasaidia kuwatafuta ishirini wengine. Mwezi uliofuata akashikwa na homa kali ya malaria, na baada ya siku nne, tarehe 8 Februari, 1890, akafariki. Umri wake ulikuwa miaka 40.

Mwenzake mmoja tu, Bwana Deekes, alikuwapo, naye alikuwa mgonjwa. Jeneza lilitakiwa, wala hapakuwa na fundi aliyesalia ila wale vijana aliowafundisha, wala mbao ila zile alizozikata Mackay mwenyewe kwa ajili ya mashua. Zikatwaliwa, likafanywa jeneza la kawaida, akazikwa kando ya Askofu Parker. Wakristo wa Buganda waliokuwapo walisimama kaburini wakaimba kwa Kiganda. Mwaka wa 1927, misioni ya Buganda ilipotimiza miaka 50, mifupa yake ilichukuliwa ikavushwa ziwa, ikazikwa Namirembe.

Mafundisho kwetu

Basi tukiyatazama maisha haya twaona vitu vingi vilivyotoka mikononi mwake. Barabara ya Mpwapwa ilimezwa na majani. Mashua ya Daisy ilioza. Jeneza la shaba lipo chini ya ardhi, na hakuna aliyejifunza neno kutoka kwalo. Lakini karatasi zilizopigwa chapa kwa vipande vya mti ziliwafanya watu kuwa wasomaji, na wasomaji wakawa walimu, na walimu wakazifikisha habari njema katika nchi nyingi za pande zote za ziwa. Zawadi iliyokuwa hafifu kwa macho ndiyo iliyozaa.

Wazee wetu husema ya kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Neno hilo ni la kweli, na maisha ya Mackay yaongeza jingine: kutoa ni kufundisha pia. Anayempa mtu kitu na kumfundisha jinsi ya kukifanya amempa mara mbili, wala mpokeaji hatakuwa mwombaji siku zote. Na atoaye asitafute kuabudiwa kwa ajili ya alichotoa. Aeleze bomba lake linavyofanya kazi, awaachie watu wachote maji.

Kwenu walimu wa Susuni na wa shule zote ndogo za Tarime na Serengeti: mwalimu akosaye vitabu vya kutosha asidhani ya kwamba hana la kuwapa watoto. Kipande cha boksi, au ubao mwembamba, au mbegu za kuhesabia, vikitengenezwa kwa uangalifu na mkono wa mwalimu, vyatosha kuanzia. Na ninyi wa sharika, mafundi seremala, wahunzi, wafumaji wa vikapu, wafinyanzi wa vyungu: msiseme ya kuwa kazi zenu ni za dunia tu na hazina mahali katika kanisa. Mtengenezee jirani yako, mjane au yatima, kiti au kikapu kwa mkono wako, na mtoto wake umwite akae karibu atazame unavyofanya.

Twamshukuru Mungu kwa ajili ya Alexander Mackay, na kwa ajili ya wasomaji wale waliozishika karatasi zake hata kufa. Na katika Yubile hii, kila mmoja wetu aitazame mikono yake mwenyewe, ajiulize imempa nani nini, na je, aliyepewa aweza sasa kumpa mwingine.